Ndege Asiyehesabika kwa Eropleni

ATLABARA, JUBA — Mwezi Juni 2024 Serikali ya Sudan Kusini, ikishirikiana na shirika la African Parks, ilitangaza matokeo ya hesabu ya wanyamapori iliyofanywa kwa eropleni mwaka uliotangulia. Ilionekana kwamba wanyama wapatao milioni 6, wakiwamo swala, nyamera na tohe, huhama kila mwaka katika mbuga zetu. Tulikuwa na haki ya kujivuna. Walakini ipo mali nyingine ya Taifa ambayo rubani hawezi kuiona, kwa kuwa imefichwa na miti mirefu.

Katika milima ya Imatong, kusini-mashariki ya Juba kuelekea mpaka wa Uganda, umo msitu wa mvua uitwao Lotti. Humo alipatikana ndege mmoja wa jamii ya Geokichla guttata, mwenye kifua cheupe cha madoa meusi na urefu wa sentimita 20 hivi. Ndege wa jamii hii hutembea ardhini, akipekua majani makavu kwa mdomo ili kupata wadudu, nyungunyungu na konokono. Mwaka 1982 mtaalamu Gerhard Nikolaus alimtangaza huyo wa Lotti kuwa namna ya pekee, akaiita maxis. Hadi leo namna hiyo inajulikana kwa ndege huyo mmoja tu.

Wenzake wa pwani wamekuwa na bahati zaidi. Wataalamu huwaona Gede na Arabuko-Sokoke nchini Kenya, na wamekuta wakitaga Rondo, kusini ya Tanzania. Huko watu waliweza kuingia msituni. Kwetu, vita vilianza mwaka 1983, mwaka mmoja tu baada ya tangazo la Nikolaus.

Wapo wasemao kwamba vita vilihifadhi wanyama wetu. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Makundi ya mbugani yaliweza kukimbia. Ndege wa sakafu ya msitu hana pa kukimbilia. Mti mkubwa ukikatwa, jua huingia, majani hukauka, na wadudu hutoweka. Isitoshe, mto Kinyeti unaopita Torit hutoka katika milima hiyo hiyo, hivyo hasara haitakuwa ya ndege peke yake. Nasi wakazi wa Atlabara, tunaoinjika vyungu juu ya makaa kila siku, tusijione tuko mbali na shoka.

Mkataba wa amani wa Septemba 2018 kwa kawaida hupimwa kwa idadi ya vikosi vilivyounganishwa. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakitoshi. Hesabu ya Lotti itafanywa kwa miguu, alfajiri, na watu wachache wenye darubini. Watahitaji barabara iliyo salama, walinzi wa misitu wenye mishahara, na wanavijiji wanaozijua njia. Jeshi laweza kuwasindikiza, mradi askari wakumbuke kwamba katika kazi hiyo mlio wa bunduki huharibu yote.