Mafuta ya ngazi ndani ya motere



Bei ya mazutu ikipanda, kila mwenye kamio hulitazama pipa la mafuta ya ngazi kwa jicho jingine. Husema moyoni: mngazi wanipa mafuta hapa nyumbani, na yale ya ng'ambo nayalipia mara mbili, kwa bei yake na kwa safari yake. Hapo hatokosi mtu wa kumshauri: changanya na petroli ya taa yawe mepesi, tia katika tangi, uende zako. Na kweli, kamio inakwenda. Inapanda mlima, na moshi wake unanukia kama kikaango. Hatari yenyewe ndiyo hiyo. Kama ingekataa siku ya kwanza, hakuna ambaye angepata hasara.

Tusiwacheke wenye wazo hilo, maana ni la zamani. Motere ya namna hii ilipewa jina la Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, motere moja ndogo ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wachache tu walijua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, kwa kuwa iliyafikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi na mafuta ya ardhini hayakuwako.

Mingazi ya Kongo nayo ilifikiriwa. Mwaka 1937 Georges Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipata hati ya uvumbuzi kwa njia ya kugeuza mafuta ya mimea yafae katika motere. Mwaka uliofuata basi la abiria lilifanya safari kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya ngazi. Katika mwaka 1942, wakati wa vita, jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji lilichapa makala ndefu juu ya jambo hilo hilo. Lakini shikeni neno moja: mafuta ya basi lile yalikuwa yamegeuzwa. Hayakuchanganywa tu na kitu chepesi.

Kwa nini neno hilo lina uzito? Ndani ya motere ya mazutu hakuna cheche ya kuwasha moto. Pistoni hubana hewa kwa nguvu hata joto lake likapita digrii 500. Ndipo injekta, kile kidomo chenye matundu membamba sana, hupuliza mafuta kama ukungu, nao ukungu huwaka wenyewe. Ukungu ukiwa mzuri, kazi ni nzuri. Sasa mafuta ya ngazi, hata yakiwa na joto la digrii 40, ni mazito kupita mazutu mara kumi na zaidi. Hayatoki kama ukungu mwembamba. Hutoka kwa matone makubwa. Tone kubwa haliwaki lote. Linalobaki huwa masizi magumu kwenye mdomo wa injekta na katika mifereji ya pete za pistoni. Sehemu nyingine huteremka polepole hata kuingia katika oili ya kulainisha motere, nayo oili hunenepa siku kwa siku. Siku moja fundi anafungua kizibo cha chini, hakuna kinachotoka: oili imekuwa kama uji wa jana. Hapo motere imekwisha kushika, na deni la kuinunulia halijalipwa.

Je, petroli ya taa haiondoi uzito huo? Hupunguza uzito, naam. Ninyi wanafunzi mtaelewa upesi: kila chembe ya mafuta ya mmea ni gliserini moja iliyoshikana na asidi tatu ndefu, kama mkono wenye vidole vitatu. Petroli hupita katikati ya chembe hizo na kuzifanya ziteleze, lakini haivunji hata moja. Ndiyo sababu ukungu huwa bora kidogo, na masizi hukawia tu. Wataalamu waliokutana Fargo, huko Marekani, mwaka 1982 kuzungumza juu ya mafuta ya mimea walikuwa na habari za namna hiyo: kwa saa chache motere hufanya kazi vema, kwa saa mamia madhara hutokea. Wanaochanganya na esansi hujiletea hatari nyingine. Mvuke wake huwaka kwa upesi, na tangi la mazutu halikuundwa kwa ajili yake.

Chavanne alivunja mkono wenyewe. Aliweka alkoholi mahali pa gliserini, na chembe moja nzito ikawa tatu nyepesi. Mama anayepika sabuni kwa mafuta ya ngazi na magadi hufanya kazi iliyo jirani na hiyo, kwa kuwa sabuni nayo huzaliwa pale gliserini inapoachana na asidi zake. Najua kijana mmoja darasani ameanza kufikiri juu ya kanyanga. Asijisumbue. Kanyanga ina maji mengi, na maji huharibu kazi yote. Akitumia soda kali, atapata sabuni mbovu na mikono iliyoungua.

Iko njia ya tatu, nayo ni moto. Mafuta ya ngazi yakipashwa kufika digrii 80 au 90 huwa mepesi sana, na maji ya moto ya motere yenyewe yaweza kuyapasha. Watu wa njia hii huweka matangi mawili: huwasha kwa mazutu, hugeukia mafuta motere ikiisha kupata moto, kisha hurudia mazutu dakika chache kabla ya kuzima, ili mafuta yasigande katika mabomba usiku. Wakaao milimani, kama Bukavu au Lubero, wanajua chupa ya ngazi ilivyo asubuhi. Njia hii hufaa zaidi motere za kale zinazozunguka polepole, zenye chumba kidogo cha kuwashia kabla ya pistoni, kama zile zinazosukuma mashine nyingi za kusagia. Kamio za siku hizi, ambazo pompa yake husukuma mafuta kwa nguvu kubwa mno kupitia matundu kama ya unywele, zisiguswe kabisa.

Hata hivyo, mwenye mashine ya kusagia aanze kwa kuuliza nyumbani. Pipa lile ndilo linaloungia sombe, na mama hatakosa la kusema.

Akikubaliwa, ayatazame mafuta yenyewe. Ngazi zilizolundikwa siku nyingi kabla ya kukamuliwa hutoa mafuta makali yenye asidi, yanayokula shaba na mpira wa pompa. Ayapashe, ayachuje kwa kitambaa kizito, ayaweke mahali pa joto siku tatu ndani ya chupa nyeupe. Akiona maji au tope chini ya chupa, ayarudishe jikoni.