Moto Usiokuja kwa Saa Yake

Lori lenu kuukuu la petroli likipiga teke hendeli mnapoliwasha, msilaumu betri. Moto wa plagi waja mapema mno, na teke hilo huweza kumvunja taniboi kifundo cha mkono. Ndiyo sababu kidole gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine. Mlimani injini hiyo hugonga, kama njugu zikitikiswa kibuyuni. Moto ukichelewa, haigongi: lori hukosa nguvu, rejeta huchemka, petroli huisha upesi.

Kwanza pimeni nafasi ya platini, maana ikibadilika, saa ya moto nayo hubadilika. Wengi huliruka jambo hili, wakahangaika siku nzima. Kisha, injini ikiwa imezimwa, tieni alama ya chaki kwenye distribyuta, mlegeze bolti inayoibana, mkaizungushe kidogo sana, unene wa kucha tu. Ukiigeuza upande izungukiako rota yake, moto huchelewa; ukienda kinyume, huwahi. Kazeni bolti, mkalijaribu mlimani likiwa na magunia ya mahindi, si watu waendao Misa. Likigonga bado, cheleweshe­ni tena kidogo.