Acheni Kuwadanganya Watoa Habari, Seva Inajua

Wadau, leo naomba niwaseme watu wa fani yangu, na najua kuna watakaonuna.

Nenda kwenye tovuti za magazeti, utakutana na fomu ya "Tutumie habari". Chini yake wameandika kwa mbwembwe: jina lako halitajulikana. Mimi nasema huo ni uongo, na nina sababu.

Miaka ya nyuma, kwenye gazeti moja nililofanyia kazi (jina naliacha), kuna mtu alitutumia habari kwa fomu hiyo. Hakuandika jina, hakuweka namba ya simu. Alieleza jinsi kampuni yao ilivyokuwa ikikata michango ya wafanyakazi bila kuipeleka kwenye mfuko wa pensheni. Kampuni yenyewe ilikuwa inatupa matangazo. Kesho yake bosi wa matangazo akaingia chumba cha habari na swali moja tu: nani kaandika hii?

Fundi wetu wa kompyuta, kijana mwenzangu na wala si mtu mbaya, akafungua jedwali. Pembeni ya ujumbe kulikuwa na anwani ya IP, aina ya brauza na saa. Ile anwani ilikuwa ya mtandao wa ofisi ya kampuni ile ile. Jamaa alikuwa ametuma akiwa kazini, saa ya chakula cha mchana. Niliishiwa nguvu.

Nikamuuliza fundi, hivi ulimtega? Akacheka. "Kaka, hamna mtego hapo. Ni mstari mmoja." Akanionyesha:

$_SERVER['REMOTE_ADDR']

Ngoja niwaeleze bila mikogo. Ukifungua ukurasa, brauza yako inatuma ombi kwa seva. PHP ikipokea ombi hilo inajaza vigeu, yaani visanduku vidogo vyenye taarifa: REQUEST_TIME ni muda, HTTP_USER_AGENT ni brauza jinsi inavyojitambulisha, HTTP_REFERER ni ukurasa uliotokea, REMOTE_ADDR ni anwani iliyounganisha. Utaratibu huu si mgeni. Jina REMOTE_ADDR limetoka kwenye CGI ya miaka ya 1990, na hiyo $_SERVER iliingia na PHP 4.1.0 mwaka 2001.

Sasa shikeni tofauti hii. Vingi vinavyoanza na HTTP_ ni maneno ya mgeni mwenyewe, anaweza kudanganya akitaka. REMOTE_ADDR si maneno yake. Inatoka kwenye muunganisho wenyewe, kwa sababu lazima jibu lirudi mahali. Na lile kufuli la https halisaidii hapa. Linaficha ujumbe usisomwe njiani, halimfichi mtumaji kwa seva anayoitumia ujumbe.

Kwa hiyo kuipata anwani si kosa la mtu, seva inapewa tu. Kosa ni kuihifadhi. Kuna mtu aliamua kuandika mstari wa kuiweka kwenye jedwali, halafu mwingine akaandika ahadi chini ya fomu, na wawili hao hawakuwahi kukaa meza moja.

Najua utetezi: "Tunaihitaji kuzuia takataka na wahuni." Sawa. Basi itunzeni siku mbili tatu kisha ifuteni, au kateni tarakimu za mwisho. Na msijidai mmemaliza mkishafuta jedwali, maana Apache na Nginx zina logi zao pembeni, zinaandika anwani hizo hizo. Kwa ukurasa wa fomu logi hiyo inazimika. Ni kazi ya dakika chache.

Msiniambie haya ni ya Ulaya. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa hapa hapa Dar, na miongoni mwa mashtaka yake ni kuzuia uchunguzi, kwa sababu alikataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Alisimama kwa wateja wake. Mhariri wako angesimama? Mimi wa kwangu simwekei dhamana. Dawa ni kutokuwa nayo kabisa, maana kisichokuwepo hakiwezi kudaiwa na polisi, wala na bosi wa matangazo.

Wenzetu walishaliona. Mei 2013 jarida la The New Yorker lilifungua Strongbox, mfumo uliotengenezwa na Aaron Swartz na Kevin Poulsen, ambao leo unaitwa SecureDrop. Mtoa habari anaingia kupitia Tor, kwa hiyo hata seva haipati anwani yake halisi. Kama hamna uwezo huo, basi kuweni wakweli. Andikeni: usitumie kompyuta ya ofisini, usitumie laini yako. Au ing'oeni ile ahadi.

Yule jamaa? Fundi alifuta mstari wake kabla bosi hajarudi na karatasi ya kunakili. Alifanya kwa huruma tu, hapakuwa na sera yoyote. Siku hiyo angekuwa zamu ya mtu mwingine, mtu angepoteza kazi kwa kutuamini sisi.

Waandishi wenzangu, kesho mkifika ofisini muulizeni fundi wenu swali moja: fomu yetu inatunza nini? Mkipata jibu, lileteni hapa.

Nawasilisha.