Bomba la mafuta: Washindwa mahakamani, wabana mikopo

Na Mwandishi Wetu

MVUTANO juu ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani mkoani Tanga, umekuwa ukielezwa kama vita kati ya wanamazingira na serikali zinazotaka maendeleo. Maelezo hayo hayatoshi. Kwa wananchi wengi wanaopitiwa na bomba hilo lenye urefu wa kilometa 1,443, kiini cha mgogoro ni ardhi na fidia.

Ibara ya 26 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka fidia ya haki ilipwe haraka, kabla mali haijatwaliwa. Hata hivyo, baada ya tathmini, wakulima wengi walielezwa wasijenge wala kupanda mazao ya kudumu, huku malipo yakichelewa kwa miaka. Mkulima aliyezuiwa kupanda kahawa hana cha kuvuna wala ada ya shule. Ndipo mashirika kama AFIEGO ya Uganda yalipopata wasikilizaji vijijini.

Mahakamani hawakufua dafu. Februari 2023, mahakama ya Paris ilitupa kesi dhidi ya TotalEnergies kwa sababu za kiutaratibu. Novemba mwaka huo, Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha nayo ilitupa kesi ya asasi nne ikisema ilifunguliwa nje ya muda. Kote kuwili, kiini cha madai hakikuamuliwa. Desemba 2023, Mahakama Kuu ya Hoima iliruhusu fidia ya kaya 42 za eneo la mradi wa Tilenga, utakaolisha bomba hilo, iwekwe mahakamani na kaya hizo ziondolewe.

Barabarani nako hali haikuwa shwari. Oktoba 2022, wanafunzi tisa walikamatwa Kampala wakiandamana kupinga mradi.

Walikofanikiwa ni kwenye fedha. Kwa shinikizo la kampeni hiyo, benki nyingi kubwa za kimataifa zilitangaza kutotoa mkopo. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifikiwa Februari 2022, lakini awamu ya kwanza ya mikopo ilitangazwa Machi 2025, ikihusisha zaidi taasisi za fedha za Afrika. Mradi haukusimama, bali kuchelewa kuliongeza mzigo kwa wanahisa.

Serikali zinahoji kwa nini Afrika ikatazwe rasilimali iliyozitajirisha nchi nyingine. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Uganda na Tanzania, kupitia mashirika yao ya mafuta, zina hisa asilimia 15 kila moja, wakati TotalEnergies ina 62 na CNOOC 8. Anayetakiwa kumlinda mwananchi ndiye pia mbia. Mwamuzi anapocheza, mchezaji mnyonge hutafuta msaada nje ya uwanja.

Funzo kwa miradi ijayo si gumu: fidia itangulie, zuio la kupanda lifuate. Serikali ikishindwa hilo, isishangae malalamiko ya kijijini yakifika kwenye meza za mabenki ya ng'ambo.