LANGO LA BEI NAFUU LISITUHADAE

Wananchi wa Kilosa hawahitaji kuelezwa maana ya mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulipasua tuta lake, ukabomoa nyumba, ukakata reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Mvua hunyesha milimani. Mtu wa bondeni huyajua maji yakishafika mlangoni.

Kwa sababu hiyo twaupokea kwa furaha ufundi wa redio za masafa marefu. Kipima kina cha mto, chenye betri ndogo tu, hupeleka habari fupi umbali wa kilomita kadhaa pasipo laini ya simu, hadi kwenye mtambo uitwao lango, nao huzifikisha kwenye intaneti. Tangu 2015, walipoanza wenzao wa The Things Network mjini Amsterdam, mafundi wa kujitolea wamekuwa wakijenga mitandao ya namna hii kwa manufaa ya umma. Kijana wa Rudewa mwenye moyo wa ufundi anaweza vilevile.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Lango kamili husikiliza njia 8 kwa wakati mmoja. Lile la bei ya chini kabisa, ambalo wapenda ufundi hujiundia, husikiliza njia 1 tu. Na kwa kuwa kipima hubadilisha njia kila kinapotuma, sehemu kubwa ya habari zake hupotea. Mwanafunzi anayejifunza mezani hapati hasara yoyote. Lakini habari inayopotea yaweza kuwa ile ya saa nane usiku, maji yanapopanda. Heri asiye na kipima, maana yeye hukesha!

Malango kamili madogo sasa huuzwa kwa kiasi cha dola 100 za Marekani. Kwa kijana mmoja ni mzigo mzito. Kwa kijiji kilichochanga, sivyo. Serikali za vijiji vya Rudewa zilizungumze jambo hili katika mikutano yao, pamoja na Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, na VETA Mikumi iombwe kuwafunza vijana. Mamlaka ya Mawasiliano nayo iyaeleze masharti ya masafa hayo kwa Kiswahili chepesi. Tena lango lifungwe pamoja na umeme wa jua na betri, kwani umeme wa kawaida huweza kukatika usiku uleule wa mvua.