Sharti Halifuti Gharama

Mwandishi anayedai kuwa skripti ya bpftrace, zana ya kufuatilia matukio ya Linux, huwa nyepesi ukiliondoa sharti ndani ya “if” na kulipeleka kwenye kichujio kati ya mikwaju anaitafuta gharama mahali isipo. Vyote viwili hugeuzwa kuwa maelekezo ya eBPF, na hukaguliwa ndani ya kiini cha mfumo, tukio likishatokea. Sharti likikataa, unaokoa tu kazi inayolifuata, kama uchapishaji. Tega uprobe (mtego ndani ya programu ya mtumiaji) kwenye malloc, kitendakazi cha kuomba kumbukumbu, uandike sharti la kukataa kila kitu: programu itapungua kasi vilevile, maana kila mwito hukatizwa kwanza. Unachunguza ukuaji wa kumbukumbu? Fuatilia miito ya mfumo brk na mmap, inayofanyika mara chache zaidi kuliko malloc.