Mdau si mwenzi wa mazungumzo

Na Bhoke Marwa

Nyakunguru na vijiji jirani vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara vimezoea neno moja la mikutanoni: mdau. Mwananchi anapoitwa kuzungumza juu ya ardhi au fidia, anaitwa kwa neno hilo. Lakini dau ni fedha anayoweka mcheza kamari, na mdau, kwa asili hiyo, anatambuliwa kwa kile alichoweka. Neno halisemi kama atasikilizwa. Mwenye shamba la mihogo lililofanyiwa tathmini ni mdau hata asipofumbua mdomo, na kikao kinaweza kufungwa kwa kutangazwa kwamba wadau wameshirikishwa, kumbe wamesaini tu karatasi ya mahudhurio.

Kiswahili kinatupa neno zito zaidi, mwenzi. Hili kwa kawaida hudai mtu wa pili: mwenzangu, mwenzako, mwenzetu. Liweke pamoja na vitenzi vyetu vya kutendana, jibizana, elewana, patana, utaona kwamba lugha yenyewe inautaka kila upande upokee na urudishe. Kilatini, kilichowapa Wafaransa neno lao interlocuteur, kiliunganisha “kati ya” na “kusema”. Kimeishia kwenye kusema. Mwenzi wa mazungumzo, kwa Kiswahili, ana haki ya kujibiwa. Wakurya, wenyeji wa eneo hili la mgodi, hawajifunzi hili leo. Ritongo ni mkutano wao wa hadhara wa kusikiliza mashauri, ingawa kwa mila uliwapa wanaume nafasi kuliko wanawake, na hapo Sheria Na. 7 ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ni bora: mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18.

Wapo watakaosema mdau limefungua milango, kwamba mke asiye na hati, mpangaji na mchimbaji mdogo sasa wanahesabika. Ni kweli, na kwa kazi hiyo ya kuhesabu nani aingie ukumbini libaki. Wengine watasema kubadili neno hakumlipi mtu fidia. Hakumlipi. Ila neno linaloandikwa kwenye muhtasari ndilo linaloamua kazi ipi ihesabiwe imekwisha: ukiandika “wadau walishirikishwa”, umemaliza, ukiandika kwamba mmezungumza na wenzenu, utaulizwa mlijibizana nini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu ya mwaka 2011 nayo inataka utaratibu wa kampuni wa kupokea malalamiko ujengwe juu ya mazungumzo na wanaoathirika. Basi muhtasari wa kila kikao cha mgodi na kijiji uwe na hoja ya mwananchi, jina la aliyeijibu, jibu lenyewe na tarehe, na usomwe kwenye mkutano mkuu unaofuata kabla ya ajenda mpya kufunguliwa.